Jante za Kwenda Yanonge

Mdomo wangu hauna breki, sitaficha. Kutoka Makiso mpaka Mangobo, uliza Tantine Malika ni nani, watakwambia ujipange kwanza. Na siku Issa alipoingiza gari uwanjani likiwa na jante zile mpya za magurudumu, nilipiga kelele mpaka mboga ya pondu ikaungulia jikoni.

Issa ni mtoto wa kaka yangu Asumani. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, nikamlea mimi, tantine yake, kwa hiyo haki ya kumgombeza ninayo. Anatengeneza simu mjini, ana mikono ya akili, na alikuwa amepata mchumba Yanonge, Khadija, binti wa watu ambaye hata mimi, na jicho langu hili, sikumwona kasoro. Posa ilipokewa, siku ya ndoa ikapangwa. Ikabaki kazi moja tu, kumfikisha kaka yangu kule.

Asumani alikuwa dereva maisha yake yote. Aliendesha malori ya watu kwenda Opala na kurudi, mpaka siku moja lori likalala ubavu na kumvunja nyonga. Tangu hapo moto, yaani pikipiki, hapandi, mguu haufunguki, na kwa fimbo yake anatoka chumbani hadi barazani, basi. Wakwe wangeweza kufungisha ndoa bila yeye, na wangemwelewa. Lakini aliniita akaniambia anataka kitu kimoja, ampokee mke wa mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Kaka yangu si mtu wa kuomba. Nilijua gari lile lisipomfikisha Yanonge, atageukia ukuta kitandani na sitamtoa tena pale.

Sasa gari lenyewe. Dogo, la zamani, Issa alilipata kwa jasho. Lilikuja na matairi membamba yaliyokaa juu juu, kwenye jante za chuma zilizoliwa na kutu. Sura hayakuwa nayo, ila matope ya njia ya Yanonge yalikuwa yanayajua. Meno yalikuwa yamelika yote, kubadilisha ilikuwa lazima, nami nilimwambia Issa atafute namna ile ile, mapya. Akasema ndiyo, tantine. Akaenda kwa Léon, kwado wetu anayeziba matairi chini ya turubai karibu na soko, akarudi na kitu kingine kabisa.

Jante pana, zinang'aa mpaka unaona meno yako. Tairi lenyewe nene kwa upana, lakini ubavu wake mfupi kama kipande cha kwanga ya muhogo kilichobaki kwenye sahani. Na yote manne yametokeza nje ya gari kidogo, yanatafuta kuonekana.

Nilimwacha Issa na kelele zangu masikioni nikaenda kwa Léon moja kwa moja. Maskini, alijitetea vizuri. Alisema matundu ya boulon, bolti za kufungia, yalikubali, jante ilikaa, aliuzungusha usukani kulia na kushoto na hakuna kilichogusa. Alisema hata alimuuliza Issa gari litabeba uzito gani, kwa sababu matairi ya namna ile yanakaribia sana garde-boue, bati la juu ya gurudumu, na ressort, springi za gari, zikishuka yanaweza kusugua. Issa alimjibu kwamba ni watu wawili tu, yeye na papa yake. Basi Léon akafunga, akajaza hewa kwa pampu ya mguu kwa sababu courant, umeme wa bwawa la Tshopo, ilikuwa imekatika. Na yale ya zamani? Yalikwisha kuchukuliwa na jante zake, yako Kabondo chini ya gari la mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba matusi yangu vile vile, sikupata wa kumpa.

Watu wawili. Hapo ndipo mtoto wa watu alipokosea, na sikuweza hata kumlaumu sawasawa, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Kwetu, mali ya ndoa haitangulizwi kwa moto, wala haifuati nyuma. Inasafiri mbele ya macho ya baba wa bwana harusi, na mashangazi wanakaa nayo. Ndivyo walivyofanya wazee waliotuzaa, ndivyo tulivyomfanyia Asumani mwenyewe. Issa hajawahi kwenda kwenye safari kama hiyo, yeye alifikiri sisi tutajipandia moto zetu kama watu wa kwenda soko.

Nilipomweleza, uso ulimshuka. Nikamuuliza alikuwa anataka kumwonyesha nani uzuri wa jante, mbuzi wa Lubunga? Akaniangalia.

"Tantine, papa aliendesha magari ya batu maisha yake yote. Siku moja tu, batu baangalie gari kwa sababu yeye iko ndani."

Ee jamani. Nilimwonea huruma. Lakini mimi ni mimi, nikamwambia huruma haiendeshi gari, nikaingia jikoni kukwangua sufuria.

Kesho yake Issa akamchukua papa yake kufanya tour, kuzunguka mji, aone gari lake. Nyota, mdogo wetu, na mimi tulikaa nyuma. Watu waligeuka kweli, siwezi kusema uwongo, na vijana wa moto walipiga mluzi. Kaka yangu alikaa mbele ameshika fimbo katikati ya magoti, shingo imenyooka. Kwenye shimo moja karibu na posta, nikasikia chini yangu, krrr. Kidogo tu. Issa alikuwa amefungua muziki, hakusikia. Asumani aligeuza kichwa kidogo upande wa nyuma, akanitazama, akatazama kiti nilichokalia, akarudisha macho barabarani. Tulipofika nyumbani alimwambia Issa jante ni nzuri sana, zinamfaa mtu mkubwa. Dereva wa maisha mazima anasema hivyo. Nilimkasirikia kwa moyo wote, nikasema nyonga ilipovunjika na masikio yalikwenda nayo.

Halafu akaanza kutoa amri. Tuondoke na bac ya kwanza ya kuvuka mto asubuhi, wakati ndoa ilikuwa ya mchana mkubwa. Na kitu kingine, wanawake wote wavae viatu vya chini. Nyota alikuwa amekwisha kununua viatu vya dhahabu, visigino hivi, alivitafuta kwa muda. Ilikuwa vita pale barazani. Nilimuuliza kaka yangu tangu lini mwanaume anachagua viatu vya wanawake, akajibu kwamba yeye ndiye mkubwa na amesema. Hajawahi kutujibu namna ile. Nyota alilia, akavaa ndara zilizoshonwa shanga.

Asubuhi ya ndoa tukapakia. Magunia ya chumvi na sukari, vitenge, sufuria kubwa, mikeka, kuku wa mama mkwe, na juu yake Nyota na mimi, ambao tukikaa kiti kinajua tumekaa. Tukavuka mto kwa bac mpaka Lubunga, tukashika njia ya Yanonge. Mwanzo ilikuwa krrr moja moja. Kadiri mashimo yalivyoongezeka, ikawa haiachi. Issa alipunguza mwendo, akafunga muziki, na sasa alikuwa anasikia kila kitu. Tulienda hivyo mwendo wa mtu anayetembea na mzigo, mpaka Yanonge ikawa si mbali tena, ndipo harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani na moshi ukaonekana nyuma.

Akasimamisha. Tukashuka kutazama. Garde-boue ilikuwa imeyachana matairi ya nyuma ubavuni, pande zote mbili, kidogo zaidi na yangepasuka. Secours, tairi la akiba, ilikuwa moja tu. Issa akalizunguka gari, akarudi, akakaa chini kwenye udongo na kanzu yake nyeupe.

"Nimemuharibia papa siku yake," alisema, na akalia, mwanaume wa kuoa siku ile ile.

Mimi nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu siku jante zilipoingia uwanjani. Yalikuwa mengi na yalikuwa makali. Wallahi, hata moja halikutoka. Nilipiga magoti nikampangusa uso kwa ncha ya kitenge changu, kama nilivyompangusa alipokuwa hajui kutembea.

Ndipo kaka yangu akaita kutoka kiti cha mbele. Sauti yake haikuwa na haraka yoyote. Alisema tuteremshe mali yote, tuwasimamishe vijana wa baiskeli waliokuwa wanapita wakirudi bila mizigo, wapakie wao, na watangulie mbele ya gari ambapo anaweza kuwaona. Mashangazi watembee na mali. Gari likibaki na yeye na Issa, litanyanyuka na halitasugua. Muda tunao, alisema, tumetoka mapema.

Vijana wakakubali kwa furaha, ndoa si jambo la kukataa. Issa alikuwa anawasaidia kufunga gunia la mwisho kwa mpira wa baiskeli wakati Nyota alipoangalia miguu yake. Akaangalia yangu. Tukatazamana. Ndara, sote wawili, kwenye udongo ule, tayari kutembea. Nikaenda kwenye dirisha la kaka yangu nikainama.

Nikamuuliza kama alijua. Akasema tangu siku ya tour, pale posta, aliposikia tairi likigusa chini yangu. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza, na wewe ndiye unayetaka kufika kuliko sisi wote? Aliweka kiganja juu ya mlango wa gari, upande wa nje.

"Malika, nilikaliaka viti vya batu tu. Hizi mutoto wangu alizichagua kwa ajili yangu. Ningemwambia azitoe?" Halafu akaongeza, polepole, "Usimwambie."

Tukatembea. Nyota alianzisha kasida, vijana wa baiskeli wakaidakia ingawa nusu yao ni Wakatoliki, na nyuma yetu gari likafuata polepole, halilii, halitoi moshi. Tukaingia Yanonge hivyo, na watu wakatoka kwenye nyumba, wengine wakapanda kutoka mtoni na samaki mikononi. Wote walikuwa wanaangalia gari. Lakini jante, Mungu wangu, hazikuonekana kabisa. Zilikuwa matope matupu, ungesema magurudumu ya udongo.

Mbele ya nyumba ya kina Khadija, wakwe walikuja kufungua mlango wa kaka yangu. Akawazuia kwa mkono. Akaomba ndoo ya maji. Watu walidhani ana kiu au anataka kutawadha, wakamletea na kikombe. Akamwambia Issa aoshe jante kwanza, zote nne, ndipo yeye atashuka.

Na Issa akaosha, na kanzu yake ile, wakwe wamesimama, imamu amesimama, sote tumesimama. Alianza na ile ya upande wa baba yake. Zilipong'aa tena, Asumani akafungua mlango mwenyewe, na Khadija akaletwa, akapiga goti. Kaka yangu akanyoosha mkono akampokea, mbele ya gari lake, na watu wa Yanonge wakaangalia. Alilia. Mimi nililia zaidi, ila mimi hulia hata kwa kitunguu.

Sasa Khadija yuko hapa nyumbani, na lituma yake, ndizi za kuponda, inakaribia kuwa kama yangu. Issa alibadilisha matairi baadaye, akarudia yale membamba, na jante zile pana ziko chumbani kwa kaka yangu, zimepangwa ukutani chini ya dirisha. Juzi nilimsikia Issa akimwambia mkewe asinunue viatu virefu, kwa sababu papa havipendi. Nilikuwa napanga ndizi za makemba, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.