Figo ya Matabishi

Tangu utotoni Vahwere alichukia figo. Mama yake alipozichoma, yeye alijitenga uani na sombe yake, kisamvu kitupu, kwa sababu hata uzisugue kwa ndimu na chumvi, figo haisahau kazi yake: itanuka mkojo tu. Basi dunia ina vituko. Chuo kikuu kikampa figo hizo hizo ziwe tasnifu yake.

Profesa Donatien alimweleza hivi: ubongoni mna protini, wapagazi wadogo wanaozoa kemikali ambazo neva husemezana kwazo. Mpagazi mmoja wa aina hiyo yumo pia ndani ya figo, na mnyama akishikwa na kiu, wapagazi hao huongezeka. Vahwere amnyime mbuzi maji, kisha mbuzi huyo achinjwe, figo zitiwe kwenye barafu zingali na joto. Bila figo hizo, mwaka huu diploma angeisikia kwa wenzake.

Akamfunga mbuzi nyuma ya jiko. Mbuzi alilia, akalamba ukuta, akalamba hata kipande cha sabuni. Mwishowe sauti ilimkauka. Vahwere alijitia pamba masikioni, akajiambia kwamba sayansi ndivyo ilivyo.

Sasa alisimama machinjioni, viatu ndani ya damu na mavi, nzi wakimtafuta midomoni. Laurent, mchinjaji aliyemchinja mbuzi wake, akamkabidhi mfuko. Ndani zilikuwemo figo tatu, vuguvugu, zikitelezeana. Akazihesabu tena.

"Papa Laurent! Mbuzi moja iko na figo mbili!"

"Nimekuongezea moja ya mbuzi yangu. Ni matabishi, mama. Weye njo umenifungulia soko leo."

"Umeniharibia kazi! Ya kwako ni gani?"

"Asante ya punda!" Laurent akacheka. "Zote ni figo."

Ilibaki pua. Figo ya mwenye kiu ingenuka zaidi, na ile ya mbuzi mgeni angeitupa. Akazipasua kwa wembe, moja moja, akizisogeza puani huku machozi yakimtoka. Ya kwanza ilinuka kama choo cha stendi. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

"Mbuzi yako ilitoka wapi, papa?"

"Mahagi-Port, mu kamyo." Laurent akaonyesha lori lililosimama langoni.

"Ilikunywa maji?"

"Nani ananywesha mbuzi ya kuuzisha? Ikikunywa, itakojolea ingine. Zote hapa ziko na kiu, mama. Kila siku."

Kumbe kiu ilikuwa ikiuzwa tayari sokoni! Figo yoyote ya hapa ingefaa. Tasnifu ilikuwa imepona, na hakukuwa na haja ya kumfunga mnyama yeyote nyuma ya jiko. Akausikia tena ule ulimi ukikwaruza ukuta. Akainama, akatapika.

"Mama, uko na mimba?"

"Ililamba ukuta, Papa Laurent. Hata sabuni ililamba."

Laurent hakuelewa. Alivuta beseni lake kando, nyama za watu zisichafuke.