Mkono wa Verna Mnadani

Wanunuzi wa ng'ombe wa Nebraska hawanyooshi mkono mnadani. Anayenyoosha ni mgeni. Verna Kolterman, mjane aliyekalia benchi lile lile kwa miaka thelathini, alinunua kwa kugusa ukingo wa kofia tu, na dalali Dwight Hruska, mume wa dada yake, hakuwahi kukosa kuiona ishara yake.

Sasa titi lake la kushoto lilikuwa limekatwa, na daktari alitaka mionzi ianze upesi, kabla mabaki ya saratani, kama yapo, hayajapata nafasi. Lakini ili mashine ifikie kifua, mkono lazima ulale juu ya kichwa kwa robo saa bila kutikisika. Wa Verna uliishia begani. Wauguzi walijaribu kumlaza hivyo wakashindwa, wakampa mpaka Alhamisi. Mazoezi ya kupandisha vidole ukutani aliyafanya siku mbili akayaacha. Aliogopa, tusifichane, aliogopa kuliko siku ya kisu.

Jumanne akaenda mnadani. Mitamba weusi walipoingizwa, akanyoosha mkono wa kushoto. Ukapita bega, kwapa likavuta kama linachanika, ukapita sikio.

"Verna," akasema Lyle Pohlman, mshindani wake wa siku zote, kutoka benchi la nyuma, "unaomba ruhusa ya kwenda chooni?"

"Naomba mitamba uliokuwa unawatamani. Tulia."

Watu wakacheka. Dwight akagonga nyundo, mitamba wakawa wa Verna. Mkono haukushuka. Kundi la pili likaingia, Dwight akaanza kumpandishia bei, kisha akaiweka nyundo chini.

"Shemeji, unanunua au umeganda?"

"Sinunui. Nafanya mazoezi ya hospitali, robo saa mkono juu. Nyumbani naushusha mapema, hakuna anayeniona. Hapa nikiushusha, Lyle atanicheka mpaka Krismasi."

Lyle akatazama saa yake.

"Robo saa, siyo? Bado dakika kumi na mbili. Na kweli nitakucheka."

"Mkono wa Verna leo si bei," Dwight akatangaza kwenye kipaza sauti. "Tunaendelea."

Ulipochoka aliulaza kichwani, kiwiko nje, vile vile atakavyolazwa chini ya mashine. Machozi yalimtoka mbele ya wanaume wale wote na hakuona haya. Lyle alimhesabia kila dakika, na ile ya mwisho aliitaja kwa sauti ya chini.

Alhamisi alilala mezani, mkono ukapanda bila kusukumwa na mtu. Wakampiga picha za kupangia mionzi, wakamchora alama kifuani. Mwishowe muuguzi akamshika kiwiko amsaidie kuushusha.

"Tumemaliza, mama. Tunaanza wiki ijayo. Unaweza kuuteremsha."

"Niache kidogo," Verna akasema, akaendelea kulala hivyo hivyo, kwa raha zake.