Invoisi Imetoka, Lazaro

Jamani, mimi si mtu wa kulialia. Waulize wenzangu pale ofisini Karatu, watakuambia Angelina ana mdomo. Lakini ule ujumbe ulinishinda.

Kila tulipotoa invoisi, mfumo wa kampuni ulimtumia Lazaro, mhasibu mwenzangu, meseji: "Invoisi imetoka, Lazaro." Aliupanga hivyo mwenyewe, maana alishinda kwenye kambi zetu za Ngorongoro na shamba la kahawa Oldeani, na hakutaka kitu kimpite. Mwezi wa tatu gari lake likapinduka kwenye utelezi wa Oldeani. Tukamzika kwao Endabash. Mfumo ukaendelea kumwita, na jina lake likawa linajitokeza kwenye skrini yangu mara ishirini kwa siku.

Simu yake ilibaki kwa mama yake, Bernadina.

"Maskini, yule mama anateseka," nikamwambia bosi. "Niruhusu nizifute hizo meseji zinazoingia kwenye simu ya mwanawe." Akakubali.

Kufuta, weee! Nilidhani ni sehemu moja. Nikabonyeza pale panapoonyesha mpangilio wa ile meseji umetumika wapi, ikaja orodha ya sehemu kumi na moja: vyumba, mahema, magari, chakula cha njiani, kahawa. Kaka yangu Lazaro, ulijipachika kila mahali! Nafuta moja, natoa invoisi ya majaribio, meseji inatoka tena. Nafuta nyingine. Siku mbili nzima. Sehemu ya mwisho niliikuta kwenye invoisi za kuni za jikoni. Nikaifuta, skrini ikatulia. Nikanywa chai na chapati mbili.

Siku tatu baadaye Mama Bernadina akaingia ofisini, simu ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii imeharibika. Fundi wa pale stendi anasema ni nzima. Mwongo yule! Siku tatu hailii."

"Mama, tumezizuia zile meseji. Zilikuwa zinakusumbua."

"Nani kakuambia?"

Nikamvutia kiti.

"Kusoma sijui," akasema. "Lakini ikilia najua ni kazini kwake. Niko shambani, inalia, naitika, 'Haya, baba.' Naendelea na jembe. Sasa siku tatu sijamwitika mtu."

Aibu iliyonishika! Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliyekaa meza moja na mwanawe, tangu mazishi sikuwa nimekanyaga Endabash hata kumpa pole. Aliyekuwa hawezi kuvumilia kuliona lile jina ni mimi, nikamsingizia mama wa watu.

Nikamkimbilia bosi turudishe. Akagoma. Namba ya marehemu haiwezi kuwekwa upya kwenye mfumo, wakaguzi watauliza. Sikumlaumu, mimi ndiye niliyeomba itolewe.

Sasa nafanya kwa mkono. Invoisi ikitoka nachukua simu yangu, namtumia. Mara ishirini kwa siku, na Jumapili baada ya misa namtumia moja, ingawa ofisi imefungwa. Ningeweza kutuma nukta tupu, maana hasomi. Lakini naandika yote, "Invoisi imetoka, Lazaro," nalia kidogo, halafu natuma, na kule Endabash kuna mtu anaitika.