Kidole cha Bibi

Bibi hakuwahi kuona mtu mwenye unyayo mdogo kuliko kidole gumba chake hadi siku hiyo, na mtu huyo alikuwa mjukuu wake. Alizaliwa kabla ya siku zake, akalazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Mama yake alikuwa bado akiuguza mshono wa upasuaji wodini, kwa hiyo Bibi ndiye aliyekalia stuli, mikono ameisugua kwa sabuni mpaka imepauka.

"Waya huu unasema nini, Sista?"

"Unahesabu pumzi, Bibi."

"Na mashine ikilia?"

"Ujue amesahau kupumua. Watoto njiti husahau. Tunamkumbusha hivi." Muuguzi akamgusa mtoto unyayoni. Mtoto akashtuka, akavuta hewa.

Bibi akatikisa kichwa. Makubwa haya! Mtu anasahau kazi yake ya kwanza?

Kesho yake mizani ilisema gramu kumi zimepungua. Keshokutwa yake, kumi nyingine. Sista alikuna kichwa: maziwa yanapita vizuri kwenye mpira wa kumlishia, homa hana.

"Akizidi kushuka tutampoteza, Bibi. Hana akiba mwilini."

Siku ya tatu Sista alisimama nyuma ya stuli, Bibi hana habari. Kidole kilikuwa kimepenya kwenye kidirisha cha kioo. Kikatekenya unyayo. Bibi akahesabu hadi ishirini, akatekenya tena.

"Bibi! Tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha. Nikasema, mbona tungoje asahau? Namkumbusha mapema."

Sista akashika kiuno, hajui acheke au alie. "Kumbe ndiyo maana! Anakua akilala, Bibi, na wewe humpi usingizi. Nguvu zote zinaishia kwenye kushtuka."

Bibi akanywea. "Basi nimemmaliza mwenyewe."

"Hujammaliza. Fungua vifungo vya blauzi."

"Eti nini?"

"Kifua chako kitafanya kazi ya kidole."

Mtoto akalazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, pamoja na waya zake zote, shuka likawafunga pamoja. Sista akabaki karibu. Mara kale katumbo kakatulia, amesahau tena. Kidole cha Bibi kikamwasha! Akakikunja, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikainuka. Mtoto akainuka nacho, akavuta yake.

"Kitendawili," Bibi akanong'ona.

"Tega."

"Mwalimu hasemi, mwanafunzi amelala, na somo linaingia."

"Kifua chako na huyu mvivu!"

"Usijibu wewe. Ijibu mizani."

Asubuhi mizani ikajibu: gramu kumi na tano, juu.