Visahani Viwili Juu ya Mpunga

Jumatatu saa tatu asubuhi, Levina alifungua kompyuta mbovu ya ofisi ya kijiji kwa bisibisi anayotengenezea simu za watu pale Kibaoni. Mwenyekiti Obadia alikuwa amempa Konsolata, mama yake Levina, atoe humo chochote kinachong'aa akawingie ndege, wasile mpunga. Kompyuta hiyo ndiyo iliyokufa na faili la shamba lao, ekari tatu kule Lupiro. Faili hamna, ushahidi kwamba ni lao hamna, kwa hiyo wakishavuna tu, shamba linakwenda kwa Apolinari mwenye trekta, aliyeliomba.

Ndani ya diski mlikuwa na visahani viwili, safi kama kioo. Levina alivining'iniza katikati ya mpunga, huku anamweleza mama yake mbiombio kwamba vimepakwa utando wa sumaku, unywele ni mnene kuliko huo mara maelfu. Humo kuna vijisumaku, kimoja kikigeuka kinamgeuza jirani, na jinsi vinavyotazama, huku au kule, ndivyo kompyuta inavyokumbuka. Tena siku hizi wataalamu wanataka wimbi la kugeuzana huko ndilo lifanye kazi ndani ya simu, simu isipate moto.

"Ndege wanaviogopa?" Konsolata aliuliza.

"Wanaogopa ule mng'ao, mama."

"Basi inatosha."

Jumatano upepo ukavizungusha. Mche mmoja ukainama, ukamwinamisha jirani, wa tatu ukagoma, wa nne ukafuata, wimbi likaenda mpaka mferejini, likarudi, likatulia. Levina akapanda dungu la kuwingia ndege. Mpunga ulikuwa umejipanga vimraba vimraba, kama ile alama ya kulipia dukani kwa simu. Akaulenga kwa simu. Simu ikafungua faili: Konsolata, ekari tatu, kutoka mfereji hadi mkuyu, saini ya Obadia.

"Mama, faili letu hili hapa," alisema, nusura aanguke dunguni kwa furaha.

Konsolata alimwambia ashuke taratibu, asivunje mpunga.

Obadia alikuja na pikipiki, akaitikia shikamoo ya Levina, akapanda dungu na simu yake mwenyewe. Alisoma mara mbili. Alikubali kwamba saini ni yake, hata tarehe ni yenyewe.

"Ila mwanangu," alisema, "mpunga hauna mhuri."

Wakavuna. Shamba likaenda.

Baada ya mvua mbili maotea yakachipua kwenye mashina ya mpunga uliovunwa, yakajipanga vilevile, mpaka saini. Apolinari alisimama juu ya trekta, akalenga simu, akasoma mpaka mwisho. Alisema faili limetoka vizuri, linasomeka bila shida. Kisha akakaa, akashusha jembe, akaanza kulima.