Joto la Jumamosi

Mjinga wa Jumamosi ile alikuwa Halidi, na mwenyewe ukimuuliza hakatai. Hana hata wa kumsingizia: katika nyumba ile ya Mbwawa mtu mzima alikuwa yeye peke yake. Mwingine ni binti yake Nuria, na Nuria ana miaka minane.

Ilibidi iwe hivyo. Dawa za saratani ya damu zilikuwa zimefagia mpaka askari wa mwilini mwa mtoto. Mafua ambayo mwenzake angeyafuta kwa mkono wa shati, yeye yangemlaza wodini. Mdogo wake, Kondo, hakauki makamasi, basi mama yao Mwanamvua akambeba wakaenda kukaa kwa bibi, kijijini Vihingo. Majirani nao, walipoombwa wanawe mikono na wasimshike mgonjwa, wakaona wanaringiwa. Wakapotea mmoja mmoja.

Halidi ni kinyozi wa Maili Moja, mtu aliyezoea kuongea kutwa na vichwa vya watu. Sasa kibanda kimefungwa, na kichwa alichobaki nacho hakina hata unywele.

"Mteja gani wewe?" alimtania Nuria. "Utanifilisi."

Mara ya kwanza Nuria alicheka. Mara ya ishirini akageukia ukutani. Jioni Halidi akisikia watu wanacheka barabarani, alikwenda kusimama dirishani mpaka wapite.

Jumamosi hiyo, baada ya wiki tano, Mwanamvua alikuwa anakuja kuwaona. Halidi alipiga pasi shati, akasugua birika likang'aa. Saa mbili asubuhi akampima mtoto joto: thelathini na nane nukta tatu.

Alijua la kufanya. Nesi alimkaririsha kama mtoto wa madrasa: likifika thelathini na nane, vijidudu vimeingia; usimpe panado, usingoje, mlete hapo hapo. Angeweza kumpigia mkewe wakutane hospitali. Lakini hakutaka kukutana naye kwenye benchi la wagonjwa. Alitaka wakae, wanywe chai, apate mtu wa kumjibu. Saa mbili tatu zitaharibu nini? Akamimina panado kwenye kijiko.

Saa nne Mwanamvua akafika na maboga ya kuchemsha. Akanawa, akavaa barakoa, akavuta kiti nje ya dirisha, wavu wa mbu ukiwa katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako anakulisha, au anakupigia hadithi tu?"

"Hadithi."

"Muongo huyo!" Halidi akacheka kicheko ambacho alikuwa amekwisha kukisahau. Kwa dakika kumi nyumba ikawa nyumba.

Kisha Mwanamvua akasogeza uso kwenye wavu. "Nuria, mbona umejifunika kitenge na jua lote hili?"

Nuria akamtazama baba yake. "Nilisikia baridi. Baba akanipa panado."

Mwanamvua akamgeukia mumewe.

"Lilikuwa ngapi?"

"Limeshashuka," Halidi akasema, akiinua kipimajoto. "Tazama, thelathini na saba kamili."

"Nimeuliza lilikuwa ngapi kabla hujalishusha."

Akamtajia. Mwanamvua alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anamwita dereva wa bajaji. Alipomaliza akasema, "Umezima taa tu, baba Nuria. Mwizi bado yumo ndani. Mvalishe mtoto."

"Tutakwenda, nani amekataa? Lakini kaa basi, hata kikombe kimoja. Joto limeshuka, mtoto anacheka, saa moja haimdhuru." Akasogea dirishani. "Wiki tano, Mwanamvua. Naongea na kuta. Unajua ilivyo?"

Mwanamvua akamtazama kupitia wavu, macho yamelowa juu ya barakoa.

"Najua. Na hizo wiki tano mtoto ulikuwa naye, bado zimekushinda. Unataka ujaribu bila yeye?"