Midomo ya Tamar

Mtu ambaye hajawahi kufuma kwa mtambo wa mvuke hajui kelele ni nini. Mitambo mia nne inapiga kwa pamoja ndani ya ukumbi mmoja, na sakafu inatetemeka hadi unaisikia kwenye meno. Wanaume walioibuni walifikiria kila kitu isipokuwa kwamba wanawake huzungumza. Basi sisi wafumaji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, tulijifunza kusema kwa midomo bila sauti, tukawa tunasomana midomo kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule. Umbeya wetu haukupungua hata chembe.

Mdogo wangu Tamar alifuma mkabala nami kwa miaka tisa. Vumbi la pamba lilimjaa kifuani, akafa mwezi wa pili, akaniachia binti yake Dinah, wa miaka saba. Wiki ya tatu baada ya mazishi, asubuhi kweupe, niliinua macho nikamwona Tamar amesimama palepale pake, kando ya mjane wa mji jirani wa Colne aliyepewa mitambo yake. Mjane alimpita bila kushtuka.

"Dada, shingo yako imejaa vumbi," midomo ya Tamar ilisema. "Au siku hizi huogi?"

Ningepaswa kukimbia. Nilicheka. Ndani ya kelele ile aliye hai hana sauti na aliyekufa hana sauti, sasa tofauti iko wapi? Nami nilikuwa nimemkosa mno. Tukapiga soga kila siku, tukamsengenya mjane kwa uzembe wake na nyapara Ormerod kwa wigi lake. Injini iliyoendesha mitambo yote ilipozimwa saa sita mchana, nilikuwa simwoni tena hadi iwashwe.

Kisha akaanza kuuliza. "Mbona Dinah haji kunitazama?"

"Yuko shule," nikadanganya.

"Shule gani hiyo isiyo na likizo? Unaninyima mwanangu, Keziah?"

Akanipa mgongo siku nne nzima. Siku ya tano nikashindwa. Nilimwambia Dinah aniletee birika la chai kabla injini haijazimwa, ingawa watoto wote huja baada.

Akaja na viatu vyake vya mti, birika mkononi. Hakujua kusoma midomo, wala hakuhitaji kujua. Tamar alichuchumaa akafungua mikono, na mtoto akamwona mama yake. Birika likaanguka. Dinah akakimbia moja kwa moja, na katikati yao ulikuwa ukizunguka mkanda mpana wa ngozi unaoshuka kutoka darini kuendesha mitambo.

Nilipiga yowe, hata mimi sikulisikia. Midomo yangu isingemfaa, maana alikuwa amenipa kisogo. Nikanyakua kile kijiti kizito cha kupitishia uzi, chenye ncha za chuma, nikamtupia mtoto yule kwa nguvu zangu zote. Kilimvunja bega, akapinduka na kuanguka kando, na mkanda ukaondoka na shali yake tu. Mjane akamwinua.

"Ungemuua!" nikamwambia Tamar kwa midomo.

"Kwa kumkumbatia? Kwani mimi nina nini, dada?"

"Ulikufa, Tamar. Mwezi wa pili. Nilikuosha mwenyewe."

Alinitazama midomo hadi neno la mwisho. Kisha akasimama polepole, akayatazama mavumbi yaliyokuwa yakipenya vidole vyake kana kwamba havipo.

"Na ukaniacha nipige soga muda wote huu?"

"Nilikuwa nakuhitaji!" nikapiga kelele kwa sauti, na hapohapo injini ikazimwa.

Ukumbi mzima ulinigeukia. Mbele yangu hapakuwa na mtu, ila mitambo iliyosimama na ukuta. Sijawahi kumwona tena Tamar, na kila asubuhi bado namtafuta. Mikononi mwa mjane, Dinah alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akiangalia mahali palepale nilipokuwa nikipaangalia mimi.

"Mama mkubwa," akasema, na watu wote wakamsikia, "umemwambia nini mama mpaka akaondoka?"